Mkeka Hauna Mnada

Desemba ndio mwezi wa kwenda Mtwara. Minada ya korosho iliyoanza Oktoba inakuwa imezunguka mara kadhaa, malipo ya wakulima yameanza kuingia, na kila mtaa una shughuli. Huku binti anachumbiwa, kule paa linaezekwa bati jipya, na mbele ya wote inasubiri Krismasi na mwaka mpya. Nilikwenda kuwatafuta watu wanaotengeneza zawadi kwa mikono yao: wasukaji wa mikeka, wafumaji wa vitambaa, wachongaji. Nilitaka kujua nani anawanunulia, na kwa nini kazi hizi zingali hai pwani ya kusini ilhali maduka yamejaa vitu vya kiwandani vya bei rahisi.

Barabara ya kusini wazee wanaikumbuka kwa mateso yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, magari yalipanga foleni kungoja pantoni, na masika yakikolea mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama imekatwa na nchi. Siku hizi basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri linaimaliza safari mchana ule ule. Ukishapita Nangurukuru mikorosho inaanza kuongozana nawe, kisha ghuba ya Lindi, kisha njia panda ya Mingoyo, halafu barabara inateremka na bahari ya Mikindani inajitokeza kati ya minazi.

Nilishukia hapo hapo Mikindani, kilomita chache kabla ya Mtwara mjini. Wageni wengi huja kuona majengo: Boma la Wajerumani la mwaka 1895, nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, na mahali alipoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho ya kuingia bara mwaka 1866. Mimi nilifuata baraza. Baada ya swala ya alasiri jua linapopungua makali, wanawake wa Mikindani hutoka na chane zao na kukaa kivulini. Mazungumzo yanaendelea, watoto wanakemewa, na vidole havisimami.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, mkeka una nafasi."

Bibi huyo alikuwa akisuka ukili mwembamba wa rangi tatu, nyeupe, zambarau na kijani. Nilipomuuliza anamsukia nani, alijibu bila kuinua macho: "Huu wa mjukuu wangu, anaolewa kabla ya mfungo. Wa kuuza umo ndani, kamwulize mama yako akutolee." Nilitolewa mkeka wa kuuza, nikaugeuza juu na chini. Nikamwambia sioni tofauti kati ya wa mjukuu na wa mteja. Akacheka. "Tofauti itoke wapi? Nikimsukia mteja ovyo, kesho nani atanijia?"

Msomaji ambaye hajawahi kusuka ajue mkeka unatoka wapi. Majani hukatwa kwenye mkindu au mlala yakiwa bado kuti changa, kabla halijachanua. Mkataji mwenye akili huchukua kuti hilo na kuacha moyo wa mti uendelee kuota, maana akikata moyo amekata na mikeka ya mwakani. Makuti huanikwa juani mpaka yaive weupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kisu chembamba kuwa chane za upana mmoja. Za rangi huchemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga inayouzwa dukani kwa vipakiti. Zamani magome ya mkoko yalitoa wekundu wa kahawia, na wazee bado wanaifahamu njia hiyo. Chane hulowekwa kidogo zilainike, ndipo zisukwe kuwa ukili mrefu, unaopimwa kwa mikono na kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Bunda la ukili likitosha, pande zake hushonwa moja kwa nyingine, ncha hukunjwa, kingo hufungwa. Hapo ndipo panakuwa na mkeka.

Katika ukili huo huo hutoka vitu vingine vingi: msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula, kikapu cha sokoni, kipepeo, jamvi nene la shughuli. Kila kimoja kina majira yake. Misala na mikeka mipya hutafutwa Ramadhani inapokaribia, kwa sababu nyumba inataka kupokea Idi ikiwa safi, na mtu hawezi kwenda kumwona mama mkwe mikono mitupu. Kofia za mkono zenye vito na vishimo vilivyozungushiwa uzi nazo hununuliwa wakati huo. Ni kazi ya pwani nzima, kutoka Lamu hadi Unguja na mpaka Oman, na kofia moja nzuri humshughulisha mshonaji kwa wiki nyingi. Mke anayemshonea mumewe kofia ya Idi amempa majuma ya macho yake na vidole vyake.

Asubuhi iliyofuata niliingia Mtwara mjini. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa karanga uliokuja kuanguka, na barabara zake pana bado zinaonyesha ukubwa wa ndoto ile. Bandari iliyojengwa wakati huo leo inasafirisha korosho. Katika vibanda vya sokoni nilikuta vikapu vimetundikwa kwa kamba na mikeka imesimamishwa ukutani, lakini mbele yake, mahali ambapo jicho la mpita njia linafika kwanza, ilikuwa mikeka ya plastiki yenye maua makubwa. Muuzaji aliniambia anaiweka mbele kwa sababu inatoka haraka. Ya ukindu anaiweka nyuma kwa sababu anayeitaka ataiulizia mwenyewe.

Katika mtaa mmoja wa mji huo nilikaribishwa na kikundi cha kina mama wafumaji. Walikuwa wamekaa kwenye veranda, kila mmoja na donge lake la uzi mapajani na kisindano chenye ndoana nchani. Walifuma vitambaa vya makochi, vitambaa vya meza, foronya zenye kingo za kufumwa, na seti za watoto wachanga: sweta, kofia na soksi. Mtu anaweza kushangaa sweta la nini katika joto la Mtwara. Mama mmoja alinijibu kwamba mtoto mchanga hafungwi nguo kwa kuangalia jua tu, kisha akaongeza kuwa wateja wao wengi wako Newala. Ana hoja. Newala iko juu kwenye uwanda wa Wamakonde, pale ambapo ukisimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako. Juni na Julai kule juu ni baridi ya kweli, na mzazi anayetoka hospitali na mtoto anahitaji kumfunika.

Kufuma kwa uzi kulienea kusini kupitia shule na nyumba za misheni. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Masasi mwaka 1876, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini wakaanza kituo cha Ndanda mwaka 1906. Mahali pengi misheni ilipofika, wasichana walifundishwa sindano pamoja na kusoma. Ila kina mama niliowakuta hawakufundishwa na mtawa yeyote. Mmoja alifundishwa na shangazi yake, mwingine na jirani, na binti mdogo kuliko wote anaangalia mitindo kwenye simu na kuwafundisha wakubwa zake. Wengi wao ni Waislamu na shughuli zao kubwa mwezi ule zilikuwa oda za Krismasi kutoka Masasi na Ndanda. Ikifika Idi mambo hugeuka, Wakristo nao wakaagiza zawadi za kuwapelekea majirani. Picha ya kitambaa hutumwa kwa WhatsApp, malipo huja kwa simu, mzigo hupakiwa kwenye basi.

Nikawauliza wanapangaje bei. Hapo veranda ilinyamaza kwanza, kisha wote wakasema kwa pamoja. Mteja wa mbali, walisema, haombi sana kupunguziwa. Mgumu ni ndugu. Ndugu anakuja na maneno: mimi si mwenzako, mimi si wa humu humu, niachie kwa bei ya uzi. "Bei ya uzi maana yake mkono wangu ni bure," alisema mama mkubwa wa kikundi.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa mkeka. Tuseme mama anasuka saa 3 kwa siku, akishamaliza shamba na jikoni, na mkeka unamchukua wiki 3. Hizo ni saa 63. Tuseme anauuza shilingi 30,000, na ukindu, rangi na nauli vimemla shilingi 6,000. Anabaki na 24,000. Gawanya kwa saa 63, unapata shilingi 381 kwa saa moja ya kazi ya ufundi. Hakuna kibarua wa kubeba mizigo sokoni atakayekubali malipo hayo. Na mnunuzi wa mfano wetu, kabla hajatoa hizo 30,000, ameshaomba apunguziwe.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kati ya korosho na mkeka, mazao mawili ya mkoa mmoja. Korosho ina chama cha msingi, ina ghala, ina mzani. Tangu mwaka 2007 ina mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei za minada yake hutangazwa redioni. Novemba 2018 serikali ilipoamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nchi nzima iliijua bei hiyo na nchi nzima iliijadili. Mkulima wa korosho ananung'unika, na mara nyingi ana haki ya kunung'unika, lakini ananung'unika juu ya bei inayojulikana. Mkeka hauna mnada. Bei yake inaamuliwa na aibu ya mama anayeuza na ulimi wa mtu anayenunua.

Wachongaji nao wana somo lao. Wamakonde ndio walioifanya kusini ijulikane ulimwenguni kwa sanaa. Wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kwanza kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha kukimbia vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Walikuja na ufundi wa kuchonga mpingo. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa vinyago vinavyoitwa shetani katika miaka ya 1950. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki 2005, aliwatoa mashetani hao kwenye gogo akawaweka kwenye picha za rangi zilizooneshwa Ulaya, Marekani na Japani. Ni utukufu mkubwa kwa mkoa huu. Lakini soko la vinyago lilijengwa juu ya mgeni, na mgeni akikosekana soko linalala. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, mwaka wa korona, walishuka hadi takriban 620,000. Wachongaji walikaa na vinyago vyao.

Mchongaji mmoja wa makamo niliyemkuta akisugua gogo kwa msasa aliniambia jambo ambalo nilikuwa sijalifikiri. "Mdogo wangu, nani katika ndugu zako ataweka shetani sebuleni? Mama yake atamwambia atoe." Kwa hiyo siku hizi huchonga pia vitu vinavyoingia nyumbani: marufaa ya kuwekea Msahafu, mbuzi ya kukunia nazi, miiko, vibao vya kukatia mboga, na kwa oda za Wakristo pango la Noeli lenye Maria, Yosefu na mtoto. Vinyago vikubwa hakuviacha, kwa kuwa ndiyo sanaa yake. Ila ada ya shule, alisema, inalipwa na marufaa na mbuzi.

Kutoka mjini nilielekea kusini mashariki, Madimba hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko, visiwa na vijiji. Chini ya mchanga wa hapa kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, na bomba lililozinduliwa Oktoba 2015 huipeleka mpaka Dar es Salaam. Juu ya mchanga huo huo wanawake wanafuata pweza maji yanapokupwa, na maji yakijaa wanarudi kwenye ukili. Kazi mbili hizi zinapokezana kwa saa ya bahari. Mama anayesuka Msimbati hakai akingoja mtalii, kwa kuwa watalii ni wachache. Anamngoja mwanawe anayefanya kazi Dar aje sikukuu, arudi na mikeka ya kuwagawia wenzake kazini. Wengine huagizwa mwaka baada ya mwaka na familia zile zile.

Mpaka mwenyewe niliuona Kilambo. Ruvuma pale ni mpana na mtulivu, una visiwa vya mchanga katikati, na ng'ambo ni Msumbiji. Kwa watu wa pande mbili mto huu umekuwa njia ya kwendea harusi, ngoma na misiba. Mikeka na vikapu vilivuka kama zawadi kabla mtu hajafikiria kuvifanya biashara. Mashambulizi ya waasi katika jimbo la Cabo Delgado, huko ng'ambo, pamoja na lile la mji wa Palma Machi 2021, yaliwatia hofu watu wa kingo zote mbili, na mikoba ya zawadi ikawa haivuki kama zamani. Mzee mmoja wa Kilambo alinieleza kwamba dada yake yuko ng'ambo, na kila sikukuu huhesabu watoto wa dada huyo aliowahi kuwaona na wale ambao bado hajawaona.

Nimerudi na msimamo. Ufundi huu umeishi kwa sababu watu wa hapa hapa wanapeana. Bibi anamsukia mjukuu, mke anamshonea mume, jirani Mwislamu anamfumia jirani Mkristo. Soko la undugu halikufungwa hata mwaka ambao ndege hazikuja. Lakini undugu huo huo, ukiwa na mazoea ya kuomba bei ya uzi, ndio utakaoiua kazi. Binti anayemwona mama yake akisuka wiki tatu kisha akibembelezwa apunguze, hataloweka chane. Atakwenda kuuza mikeka ya plastiki, na hakuna wa kumlaumu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Vikundi vya wasukaji na wafumaji vinastahili kuwa mstari wa mbele, na maofisa maendeleo ya jamii wawafuate barazani badala ya kuwangoja ofisini. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liwasaidie kupima, kupanga daraja na kuandika bei. Tarehe 1 Juni 2019 nchi ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, nafasi ya kikapu cha ukili ilifunguka. Ikachukuliwa na mifuko ya kiwandani kwa sababu hakuna aliyewaandaa wasukaji kuipokea. Nafasi nyingine ikija, iwakute wamejipanga.

Lakini sehemu kubwa ni yetu sisi tunaonunua. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na msukaji naye ana mkono. Ukitaka mkeka wa Idi, agiza miezi miwili kabla, usiombe kwa wiki moja. Ukitaka seti ya mtoto au kitambaa cha Krismasi, toa nusu ya fedha mapema mama anunue uzi bila kukopa. Akikutajia bei, muulize imemchukua siku ngapi, kisha ndipo uamue kama una moyo wa kupunguziwa. Na unapompa nduguyo zawadi hiyo, mtajie jina la aliyeitengeneza na mtaa wake, ili naye akitaka ajue pa kwenda. Mwenye ndugu Mtwara, Mikindani, Msimbati au Kilambo asiwaombe bei ya undugu. Yeye ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulipa bei kamili.